Mas-ala ya Safari ya Bahari: Siku Zake, na Hukumu ya Kukusuru Sala

Bismillahir Rahmanir Rahim. Amma baad.

Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kwamba bahari haina siku maalumu za kuvukwa. Njia ni moja, na siku zake ni mbali mbali, kwa kadiri ya upepo na chombo.

Ibn Battuta alipotoka Zeila mwaka 1331 alisafiri masiku 15 hata akafika Mogadishu. Vasco da Gama alitweka tanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ndiyo kwanza yaanza, na rubani wake akamfikisha Calicut kwa siku 26 hivi. Katika kurudi hakungoja kaskazi. Aliondoka pwani ya Bara Hindi mwezi wa Oktoba, pepo zimekufa, akakaa baharini miezi mitatu, wakafa mabaharia wengi, na Malindi akaiona Januari 1499. Mtu ni yule yule na bahari ni ile ile: alipoufuata musimu alivuka kwa siku 26, alipoukhalifu ikawa miezi mitatu.

Kisha zikaja meli za moshi, zisizongoja kusi wala kaskazi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za barua zikaanza safari za kila mwezi baina ya Aden na Unguja. Leo boti ya Dar es Salaam yafika Unguja kwa saa mbili hivi.

Mas-ala ya kwanza. Mtu akiuliza: Wazee walikaa mwezi baharini wakakusuru, mimi nitokaye Tanga kwenda Unguja kwa saa chache, yanijuzia?

Jawabu: Yakujuzia, iwapo safari si ya maasi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi hukumu imefungwa na masafa, si na saa. Masafa hayo ni marhala mbili, yaani maili 48 za Kihashimi, nazo ni kama kilomita 81 kwa hesabu ya wengi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj kuwa bahari ni kama bara, hata mtu akiyakata masafa hayo kwa saa moja. Tanga hata Unguja mjini ni zaidi ya kilomita 110.

Mas-ala ya pili. Na akaaye Dar es Salaam, aendaye Unguja tu?

Jawabu: Njia hiyo ni kilomita 75 hivi, haitimizi marhala mbili. Huyo asikusuru, ijapokuwa mawimbi yamemtaabisha. Lakini aliyetoka hapa Lembeni akapitia huko amekwisha kuwa msafiri tangu alipouacha mji wake.

Mas-ala ya tatu. Jahazi likizuiliwa bandarini?

Jawabu: Hapa ndipo siku huhesabiwa. Akiwa nahodha atazamia upepo wakati wowote, atakusuru hata siku 18, bila ya siku ya kuingia na ya kutoka. Ama angojaye musimu kugeuka, naye ajua kuwa hataondoka kabla ya siku nne kamili, atimize sala zake. Hivyo mfanya biashara aliyekuja na kaskazi akangoja kusi miezi kadha wa kadha, alikuwa kama mwenyeji katika sala.

Basi, ndugu yangu, kabla ya kuifanya Adhuhuri, Alasiri au Isha kuwa rakaa mbili, uliza masafa, usiulize saa. Akusuruye pasipo haki sala yake haisihi, naye yampasa kuirudia.

Wallahu aalam.