SOMO LA WIKI: BWANA, TAFUTA MWINGINE
Maandiko: Kutoka 3:7 hadi 4:17, Matendo 9:10-19

Wiki hii tunamwangalia Musa kwenye kile kichaka. Alikuwa mzee wa miaka 80, anachunga mifugo ya mkwewe. Mungu alipomwita, alijibu mara tano:

1. Mimi ni nani hata niende kwa Farao? (3:11) Mungu akaahidi kuwa pamoja naye.
2. Wakiniuliza jina lako je? (3:13) Mungu akamwambia jina lake.
3. Hawataniamini. (4:1) Mungu akampa ishara.
4. Sijui kuongea. (4:10) Mungu akamkumbusha ni nani aliyeumba kinywa.
5. Tafuta mtu mwingine umtume. (4:13)

Hapo ndipo hasira ya Mungu ikawaka. Hebu angalia vizuri: mara nne za kwanza Mungu hakukasirika, alimjibu tu. Hofu ukiipeleka kwa Mungu, ana jibu lake. Lakini ile ya tano haikuwa na swali la kujibiwa. Ilikuwa ni kukataa kwa adabu. Hata hivyo, Mungu wetu ni wa neema: katika hasira yake bado alimpa Haruni wa kumsaidia.

Anania wa Dameski naye aliogopa, na alikuwa na sababu. Sauli alijulikana kwa kuwatesa watakatifu. Anania akasema hofu yake wazi, Mungu akamjibu, akainuka akaenda. Wakati huo Sauli alikuwa siku tatu haoni, hali wala hanywi. Ukikawia, kuna mtu anangoja.

Mimi nalijua hili. Ndugu yangu na mimi tulikosana juu ya mpaka wa shamba, mistari miwili tu ya majani chai. Roho Mtakatifu akanisukuma niende tupatane. Nikasema, ngoja kwanza tumalize kuchuma. Halafu nikasema, ngoja bonasi itoke. Kila Jumapili nilikuwa kanisani, mikono juu, naimba. Siku niliyoenda, nilimkuta amelazwa, hawezi kuongea tena. Nilimwomba msamaha, akanishika mkono tu. Namshukuru Mungu kwa ule mkono, lakini maneno yake sikuyasikia tena. Ile mistari miwili bado iko pale. Kila nikipita naiona.

Mpendwa, wewe umeambiwa ufanye nini? Kurudisha deni? Kumtembelea mgonjwa? Kuanza ibada ya nyumbani? Usiseme huwezi, Mungu anajua. Usiseme kesho; kesho si yako.

Ya kujadili katika vikundi:
- Kati ya majibu matano ya Musa, lako ni lipi?
- Ni nani anayengoja utii wako?

Tuombe: Bwana, hofu yangu nakuletea. Nijibu, kisha uniinue niende leo. Kwa jina la Yesu, Amina.