Mwana Mbele ya Kazi ya Baba: Funzo la Utafiti Kutoka kwa L. F. Haber

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anapoanza utafiti huonywa asimkaribie mno mtu anayemwandikia, kwani mapenzi hupofusha. Onyo hilo ni la haki. Hata hivyo, wengi wetu huandika kuhusu washairi wa kwetu, walimu waliotufunza na hata jamaa zetu. Je, ukaribu huo huubatilisha utafiti? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa mfano kutoka historia ya kemia na viwanda vyake: kazi ya Ludwig Fritz Haber (1921–2004), mwanahistoria wa uchumi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza.

Baba mwenye sura mbili

Babake, Fritz Haber (1868–1934), alikuwa mwanakemia wa Ujerumani. Mwaka wa 1909, mjini Karlsruhe, alionyesha jinsi naitrojeni ya hewani inavyoweza kuunganishwa na haidrojeni, kwa joto na shinikizo kubwa, ikawa amonia. Carl Bosch wa kampuni ya BASF aliigeuza njia hiyo kuwa kazi ya kiwanda, na mwaka wa 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza uzalishaji. Mbolea ya naitrojeni ambayo mkulima wa Trans Nzoia huitia mahindi yake leo ina asili yake katika njia hiyo. Haber alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka wa 1918.

Mtu huyo huyo ndiye aliyesimamia matumizi ya gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Maelfu ya mitungi yalifunguliwa, upepo ukaisukuma gesi hadi kwenye mahandaki ya askari wa upande wa Ufaransa. Mwaka wa 1933, Wanazi waliposhika hatamu za utawala, Haber aliyekuwa na asili ya Kiyahudi aliihama Ujerumani. Alifariki Basel, Uswisi, mwaka uliofuata. Ludwig alikuwa angali mtoto.

Njia aliyoifuata mwana

Kwanza, Ludwig hakuanza na babake. Kitabu chake cha mwaka wa 1958 kilichunguza viwanda vya kemikali vya karne ya 19. Humo tunakutana na njia ya Leblanc ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi, ambayo moshi wake wa asidi uliharibu mimea na mali hata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuudhibiti mwaka wa 1863. Tunakutana pia na fumbo la rangi: William Perkin alitengeneza rangi ya zambarau mjini London mwaka wa 1856, lakini ni Ujerumani iliyokuja kulitawala soko, na mwaka wa 1897 BASF ikauza nili ya kiwandani. Jibu la fumbo hilo halimo katika kipaji cha mtu mmoja. Limo katika mitaji, sheria za uvumbuzi na wanakemia waliofunzwa vyuoni. Kitabu cha pili, cha mwaka wa 1971, kiliendeleza habari hiyo toka 1900 hadi 1930. Hivyo, mwandishi alipomfikia babake, alimkuta amesimama katikati ya umati na wala si peke yake jukwaani.

Pili, alisikiliza pande zote. Katika The Poisonous Cloud (1986), historia ya gesi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alilinganisha Ujerumani, Uingereza na Ufaransa. Alizitumia nyaraka za Harold Hartley, mwanakemia Mwingereza aliyehusika na vita vya gesi upande wa pili.

Tatu, hakuificha nasaba yake, wala nasaba hiyo haikumpindisha alipotoa uamuzi. Alihitimisha kwamba silaha ya gesi ilishindwa kuleta ushindi uliotarajiwa. Uamuzi huo unaligusa moja kwa moja tumaini ambalo babake aliliwekea elimu yake.

Funzo kwetu

Wahenga walinena kuwa nyani haoni kundule. Wasifu mwingi tunaouandika hugeuka utenzi wa sifa: mhusika huzaliwa na kipaji, hushinda kila kikwazo, na wenzake hawatajwi. Mfano wa Haber unaonyesha kuwa dawa si kumkimbia tunayemjua. Dawa ni kuyasoma kwanza mazingira yaliyomzaa, kuwatafuta walioyaona mambo kwa jicho tofauti, kisha kukubali tuliyoyapata hata yakituuma.

Hitimisho

Ninapendekeza kwamba kila tasnifu inayomhusu mwandishi aliye karibu na mtafiti itamke uhusiano huo katika utangulizi wake. Msomaji akishaujua, ataupima ushahidi akiwa macho. Mtafiti naye, akijua kwamba anatazamwa, atakuwa na sababu zaidi ya kujisahihisha kabla hajasahihishwa na wengine.