Kijiti cha mzee kina dawa, lakini hakiondoi rangi ya meno

Msomaji, ukipita Kitengela au Kajiado mjini asubuhi huenda ukamwona mzee wa Kimaasai akitembea huku anatafuna kijiti. Usimcheke. Kijiti hicho ndicho kilichokipa jina kile kifaa cha plastiki ulicho nacho nyumbani: mswaki. Wamaasai huuita mti huo oremit; wataalamu wa mimea, Salvadora persica. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliunga mkono matumizi yake mwaka 1987.

Meno huozaje? Viini vilivyomo kinywani hula sukari unayokula, kisha hutoa asidi inayolila jino kidogo kidogo hadi litoboke.

Tafuna mzizi mbichi wa mswaki, nawe utasikia ukali unaopanda puani mithili ya haradali. Ukali huo unatokana na kemikali iitwayo benzili isothiosianati. Katika maabara, kemikali hiyo imeua upesi viini vinavyoleta ugonjwa wa ufizi. Viini vya kuozesha meno ni sugu zaidi kwayo, kwa hiyo hapo kazi kubwa hufanywa na nyuzi za kijiti zinaposugua utando ulioganda juu ya jino. Basi chagua kijiti kibichi, maana kikikauka ukali hupungua. Tafuna ncha hadi iwe kama brashi, sugua bila kuuchubua ufizi, na kesho uikate ncha hiyo. Usisahau magego! Wengi husugua meno ya mbele tu, yale yanayoonekana wakicheka.

Lakini kuna jambo ambalo mswaki hauliwezi. Mzazi wa Kitengela humwona mwanawe ana meno ya rangi ya kahawia, akadhani yameoza, akaanza kuyasugua kwa nguvu. Mara nyingi huko si kuoza. Ni floridi, madini yaliyo mengi katika visima virefu vya Kajiado. Kidogo chake hulinda meno. Kikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kipimo cha WHO, huharibu jino lingali linaumbwa ndani ya ufizi. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Huzidisha ukali wake maji yanapopungua sufuriani.

Muulize anayekuuzia maji ya kisima kama yamepimwa floridi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka minane, kinga maji ya mvua kwenye mabati safi, uyachemshe, umwekee ya kunywa na ya kupikia uji.