Suruali ya Kazi Haichaguliwi kwa Macho

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Methali hii tulifundishwa tukiwa shule ya msingi, tukaikariri, tukaiandikia insha na kupewa alama. Lakini mimi niliielewa barabara Desemba ya mwaka jana, siku nilipochomwa paja na suruali yangu mwenyewe. Naam, suruali! Kwa hivyo Chama chetu cha Kiswahili kiliponiomba makala ya somo kwa jarida la mwaka huu, sikwenda mbali. Nitawaeleza namna ya kuchagua suruali ya kazi, hasa hizi za kutoka Ulaya zinazouzwa mitumbani hapa Voi.

Kisa chenyewe ni hiki. Shule ilikuwa imefungwa nami nilikuwa natafuta pesa za karo. Fundi mmoja wa kuchomelea milango na madirisha akakubali nimsaidie kushika vyuma na kusugua kutu. Akaniambia, "Kijana, kesho uje na suruali ya kazi, si hiyo ya kwendea kanisani."

Nikaenda sokoni mbio. Nikaona suruali moja ya kijivu, mifuko sita, zipu kila mahali, laini kama hariri. Nikatazama lebo: "Polyamid 100%". Nikajiambia, hili neno linafanana na piramidi, na piramidi za Misri zimesimama maelfu ya miaka. Basi hii lazima ni ngumu! Nikatoa shilingi 250, nikaondoka nikipiga mluzi.

Siku ya tatu cheche ilimrukia fundi na nyingine ikanirukia mimi. Yeye alivaa kaki ya pamba, ikatoboka katundu kadogo tu, akaipangusa na kuendelea na kazi. Yangu iliyeyuka, ikanata kwenye ngozi kama nta ya mshumaa. Kwa uchungu nikaivuta, na ngozi ikaja nayo. Hilo nalo lilikuwa kosa. Nguo ikinata kwenye kidonda cha moto haivutwi. Humwagiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20 hivi, kisha mtu hupelekwa hospitali nayo ikiwa palepale. Nilikaa nyumbani siku kumi bila ujira, na karo niliyoitarajia ikapungua. Kovu ninalo hadi leo, kubwa kama sarafu ya shilingi kumi.

Muhula ulipofunguliwa, mwalimu wetu wa Kemia alifundisha polima. Akaandika ubaoni kwamba poliamaidi ndiyo nailoni. Wenzangu waliandika kwenye daftari. Mimi nilishika paja.

Je, maneno yenyewe yanatuambia nini?

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, tusipite bila kuyatazama majina. "Suruali" ni neno lililotufikia kupitia Kiarabu, na chanzo chake ni Kiajemi. "Kaki" limetoka kwa watu wa Bara Hindi, nao walilipata kwa Waajemi. Maana yake ni rangi ya vumbi. "Dangirizi" nayo asili yake ni Bara Hindi, jina la kitambaa kizito cha pamba. Katika karne ya 19 kitambaa cha pamba kutoka Marekani kiliingia Unguja na kusambazwa bara na misafara, watu wakakiita merikani. Na "mtumba" ni robota la nguo lililofungwa kwa kamba. Ndiyo kusema, mavazi ya watu wa mbali hatukuanza kuyavaa jana. Tofauti ni kwamba siku hizi yanakuja na lebo, na lebo isiyosomwa ni sawa na barua isiyofunguliwa.

Sasa tuingie kwenye somo. Mengi ya haya nilifunzwa na mama mmoja muuza mitumba, nilipomrudia nikichechemea. Nilipoanza kusifu mifuko ya suruali nyingine, alinikata kauli: "Mwanangu, suruali haiangaliwi uso. Igeuze ndani nje."

Kwanza, ijue kazi yako. Jiulize, kazi hii hurarua suruali mahali gani kwanza? Mjomba wangu hukata mkonge upande wa Mwatate, ambako kuna shamba ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Jani la mkonge lina mwiba mgumu kwenye ncha, na utomvu wake huwasha ngozi. Kwake yeye sehemu za kuchunguza ni mapaja na miundi. Binamu yangu huchimba vito. Kumbuka kwamba katika kaunti yetu hupatikana tsavoraiti, kito cha kijani kilichopewa jina hilo mwaka wa 1974 kutokana na Tsavo yetu hii. Mchimbaji hutambaa shimoni, kwa hivyo yeye hutazama magoti. Mpakiaji wa mizigo huinama na kuinuka siku nzima, naye suruali humpasukia msambani. Mchomeleaji adui yake ni moto. Watu wanne, suruali nne tofauti.

Pili, soma lebo. Pamba ina majina mengi huko Ulaya. Wajerumani huiita Baumwolle, Wafaransa coton, Waholanzi katoen, Waitaliano cotone, Waswidi bomull. Yaandike maneno haya nyuma ya daftari lako. Polyester na Polyamid ni nyuzi za kiwandani. Haziliki upesi kwa kusuguliwa, ila moto huziyeyusha. Suruali nyingi za kazi za Ulaya huchanganya polyester asilimia 65 na pamba asilimia 35. Mchanganyiko huo unafaa kwa mkonge na mizigo, na hukauka haraka. Kwa mchomeleaji, chukua pamba tupu iliyo nzito, na juu yake funga aproni ya ngozi. Halafu usichukue yenye pindo lililokunjwa nje chini, maana cheche hujificha humo.

Tatu, pima uzito wa kitambaa. Katika viwanda vya Ulaya nguo nyingi za kazi huwa na uzito wa gramu 245 hadi 320 kwa mita moja ya mraba. Sokoni huna mizani, lakini una jua la Voi, tena la bure! Inua kitako cha suruali juani. Ukiona mwanga unapenya kama kwenye chujio, irudishe. Lakini pia usikimbilie nzito kupita kiasi. Nyingine zimetiwa bitana la kuzuia baridi ya theluji. Hiyo mpelekee shangazi wa Wundanyi kule milimani. Hapa tambarare utachemka nayo kabla ya saa nne asubuhi.

Nne, kagua mishono. Igeuze kama alivyosema mama. Mshono mzuri wa mguu umekunjwa, kingo zote zimefichwa, na umepigwa nyuzi mbili au tatu sambamba. Shika pande mbili za mshono uvute. Ukiona nyuzi zinacheka, yaani zinaonyesha meno, achana nayo. Msambani tafuta kipande cha nguo kilichoongezwa katikati. Hicho huuachia mguu nafasi ya kupanuka. Kwenye pembe za mifuko tazama kama kuna ribiti za shaba au mshono wa kukaza. Ribiti si pambo. Huko Marekani zilipewa hataza mwaka wa 1873, kwa sababu mifuko ya wafanyakazi ilikuwa ikipasuka kila mara.

Tano, pima mwili wako. Namba za Ulaya zisikutishe. Suruali ya mwanaume iliyoandikwa 50 ni kiuno cha inchi 34 hivi. 48 ni 32, na 52 ni 36. Yaani toa 16 utapata inchi. Njia ya sokoni ya kuzungushia kiuno cha suruali shingoni inasaidia, lakini haitoshi kwa nguo ya kazi. Vaa juu ya kaptura, kisha uchuchumae mpaka chini. Watu watakucheka kidogo. Afadhali wakucheke sokoni kuliko suruali ikupasukie kazini.

Sita, tazama magoti. Nyingi za mafundi wa Ulaya zina mifuko ya nje magotini. Nilidhani ni ya kuwekea misumari! Kumbe ni ya kutia kipande laini cha kukinga goti. Vipande hivyo kwa kawaida haviji pamoja na mtumba, basi binamu yangu alikata soli za kandambili kuukuu akazitia humo. Tangu hapo sijamsikia akilalamikia magoti.

Saba, usidanganywe na utepe unaong'aa. Kuna suruali za rangi ya chungwa zenye tepe za fedha, kama zile walizovaa wajenzi wa reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017. Tepe hizo hufifia kwa kufuliwa. Ukitaka kuivaa usiku kando ya barabara kuu ya Mombasa, ambako malori hayana mchezo, ipeleke mahali penye giza uimulike kwa tochi. Isiporudisha mwanga, hiyo ni suruali ya kawaida, na usiikabidhi roho yako.

Ukishainunua, itunze. Ifue ukiwa umeigeuza, usiitie jiki, ianike kivulini. Tundu dogo litiwe kiraka siku hiyo hiyo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka wa 2020 serikali ilipositisha uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa kwa ajili ya korona, kwetu nyumbani tuliishi kwa viraka, wala hatukufa.

Mtu ataniuliza, "Kwani suruali nzuri si ghali?" Tupige hesabu pamoja. Mjomba alikuwa akinunua za shilingi 250, na kila moja ilimaliza wiki tano hivi kwenye mkonge. Kwa wiki 50 ni suruali kumi, yaani shilingi 2,500. Baada ya somo hili tulikwenda naye kwa yule mama, tukageuza, tukavuta, tukamulika juani, mjomba akachuchumaa mbele ya soko zima. Tukachukua moja ya shilingi 700. Sasa inakaribia mwaka mzima, ina kiraka kimoja tu. Rahisi inaweza kuwa ghali, na ghali ikawa rahisi.

Nami nilipata yangu: pamba tupu, rangi ya buluu, mtindo wa wafanyakazi wa Ufaransa, imepauka lakini nzito. Likizo ya Aprili nilirudi kwa fundi. Cheche zilirukia paja lilelile, zikaacha vitundu vyeusi vitatu, zikazima. Jioni nilipokea ujira wangu kamili.

Wenzangu, wengi wetu tumesomeshwa kwa mikono ya watu wanaokata mkonge, wanaochimba vito na kubeba mizigo. Mwili ndio jembe lao, na jembe hilo haliuzwi dukani likivunjika. Basi likizo hii mtu wa kwenu akisema anaenda kununua suruali ya kazi, usimwache aende peke yake. Wewe umesoma lebo; yeye anaijua kazi. Nendeni wawili.

Hayo ndiyo machache niliyokuwa nayo. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye suruali mpya mkononi, namwambia: igeuze kwanza!