Kunakili Herufi Pana katika Lugha ya C: Tatizo la Kipimo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili kitendakazi wmemcpy, kilichoingizwa katika kiwango rasmi cha lugha ya C kwa marekebisho ya mwaka 1995. Kazi yake ni kunakili herufi pana kutoka sehemu moja ya kumbukumbu ya kompyuta hadi nyingine. Suala hili lamhusu pia mwanaisimu, hasa yule anayehifadhi tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, kwani kosa dogo la hesabu laweza kupoteza matini bila onyo lolote.

2.0 Herufi na Baiti

wmemcpy hupewa mambo matatu: mahali pa kupeleka, mahali pa kutoa, na idadi. Utata umo katika idadi. Kitendakazi kikongwe, memcpy, huhesabu baiti. Wmemcpy huhesabu herufi pana. Katika Linux herufi pana moja huchukua kwa kawaida baiti 4. Katika Windows, baiti 2.

Neno baba, likiandikwa be, fataha, alifu, be, fataha, lina herufi pana 5, yaani baiti 20 katika Linux. (Katika Unicode fataha huhesabiwa peke yake, ingawa mwalimu wa chuoni asingekubali kuiita herufi.) Atumiaye memcpy kwa idadi 5 hupata be ya kwanza na robo ya fataha. Atumiaye wmemcpy kwa idadi 20 huagiza baiti 80 zimiminwe katika nafasi ya baiti 20. Kosa hili la pili ni baya zaidi: neno lililonakiliwa huenda likasomeka kamili, kumbe kilichoharibiwa ni ubeti wa jirani.

Aidha, wmemcpy hakisimami kwenye herufi sifuri inayofunga matini. Ikihitajika nayo, idadi iwe 6.

3.0 Maeneo Yanayoingiliana

Mhariri anapopachika fataha iliyosahauliwa, herufi zinazofuata husogezwa nafasi moja ndani ya eneo lilelile. Hapo wmemcpy hakifai, kwa kuwa kiwango cha C hakitoi dhamana yoyote maeneo mawili yanapoingiliana. Kifaacho ni wmemmove, ambacho hunakili kana kwamba herufi zote zimewekwa kwanza mahali pa muda. Programu yenye kosa hili yaweza kufanya kazi barabara kwenye mashine moja na kuvuruga matini kwenye nyingine. Kwa hiyo jaribio lililofaulu mezani pa mtafiti si ushahidi wa kutosha.