Nyutroni Nayo Inavutwa na Dunia



Ku enternati kulikuwa mabishano: je, kitu kidogo kama nyutroni kinavutwa na dunia, ao hapana? Wengine wanasema ni wimbi tu, na wimbi haliwezi kuanguka. Jambo hili lilikwisha kupimwa. Tulifuate polepole.

Mwaka 1975, Colella, Overhauser na Werner walitumia nyutroni za kinu cha nyuklia huko Michigan, Marekani. (Vinu tunavijua: cha kwanza cha Afrika kiliwashwa hapa kwetu, Kinshasa, mwaka 1959.) Walichonga kristali moja ya silisiumu iwe na mabamba matatu. La kwanza linagawanya wimbi kwa njia mbili, la pili linazirudisha, kwa la tatu zinakutana. Muangalie maji pahali Lomami inaingia mu mto Kongo: mgongo wa wimbi ukikuta mgongo, maji yanapanda, ukikuta shimo, yanatulia. Nyutroni ni vile vile, tena si mbili zinazokutana. Ni moja peke yake, inapita njia zote mbili! Hapo kichwa kinauma, lakini ni kweli.

Kisha wakainamisha kristali, njia moja ikawa juu ya nyingine. Nyutroni inayopanda inapoteza mwendo, sawa na jiwe lililotupwa juu. Inakimbia karibu meta 2.700 kwa segonde. Ikipanda sentimeta 2, inapoteza hata milimeta 0,1 kwa segonde hapana. Hakuna saa ya kuona hiyo. Lakini mwendo ukipunguka wimbi linarefuka, na wimbi lenyewe ni fupi sana, karibu nanometa 0,14. Kwa hiyo mu safari fupi ile, njia moja inaachana na ingine kwa mawimbi mazima kadhaa. Kadiri walivyoinamisha kristali, hesabu ya nyutroni ilipanda na kushuka, kwa sababu ya uzito.

Kinachonipendeza mimi ni hiki: jiwe likianguka, masi yake haiingii mu hesabu. Hapa inabaki, pembeni ya g na ya namba ya Planck.

Na ile g? Vitabu vya Ulaya vinaandika 9,81. Sisi tuko karibu na Ikweta, ni 9,78 hivi. Kwa uzi wa meta 1, mayumbo 100 ya jiwe ni segonde 200,6 kwa g ya kitabu, 200,9 kwa ya Isangi. Mwenye saa nzuri aje siku ya posho, tujaribu.