Kabla ya Kununua Betri Mpya, Safisha Viungio vya Trekta

Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba, na mahindi hayamsubiri mtu. Basi Oktoba hii, mnapohangaikia mbegu na mbolea, nawaomba wenye matrekta mfungue boneti muitazame betri.

Kila msimu ni yaleyale. Trekta lililolala tangu mavuno linawashwa, stata inagonga mara moja, kisha kimya. Mwenye nalo anakimbilia mjini kununua betri, na mara nyingi ile ya zamani ilikuwa bado nzima. Tatizo liko kwenye viungio. Stata ya trekta hunyonya umeme mwingi, ampea 200 na zaidi. Kutu kati ya kichwa cha betri na kibano chake ikiongeza ukinzani wa omu 0.01 tu, volti 2 kati ya zile 12 zinapotea hapohapo. Taa zitawaka vizuri kwa sababu hazihitaji umeme mwingi, na hilo ndilo linalowapoteza wengi.

Watu hulaumu mvua. Mimi nalaumu mbolea kwanza. Urea na CAN hufyonza unyevu wa hewani, hivyo vumbi lake likitua kwenye waya hulowa hata kiangazi. Amonia inayotokana na mbolea hizi, na ya samadi ya kuku pia, hula shaba, na waya za trekta ni shaba. Soketi ya taa za tela, iliyo karibu kabisa na mzigo, huumia mapema. Ukiona unga wa kijani au wa samawati, shaba inaliwa. Futa vumbi la mbolea siku hiyohiyo unapomaliza kubeba, tena kwa kitambaa au brashi. Mashine ya maji ya kasi husukuma maji ndani ya viunganishi.

Kusafisha betri hakuhitaji fundi. Zima injini, usivute sigara karibu, kwani betri hutoa gesi inayolipuka, na vaa glavu na miwani. Legeza waya wa hasi kwanza. Ukianza na wa chanya, spana ikigusa bodi itapiga cheche. Changanya kijiko cha magadi soda ya kupikia na nusu lita ya maji ya vuguvugu, mwagia vichwa huku vizibo vimefungwa, sugua kwa brashi, suuza, kausha. Piga msasa mpaka chuma king'ae. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, halafu ndipo upake grisi kwa nje. Grisi ni ya kuzuia maji na hewa, na haipitishi umeme, kwa hiyo usiifanye kitanda cha kulazia kibano.

Waya zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu ziogopeni. Maji huingia chini ya tepu yakakaa humo. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, ichomelewe kwa risasi, kisha ivishwe mpira unaobana kwa joto.

Betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma hivyo na stata bado nzito, usitoe pesa kwanza: fuata waya mnene wa hasi hadi unapofungwa kwenye chesisi, uufungue, ukwangue rangi na kutu, uukaze upya, kisha ujaribu tena.